Maelezo ya onyo si onyo

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Makoroboi, jijini Mwanza. Kijana amegombana na mteja, shati limechanika, watu wamejaa, mgambo wamemshika. Kituoni anavuliwa mkanda na viatu, simu na pesa zake zinaandikwa kitabuni, anakalishwa benchi. Baadaye askari mpelelezi anamwita: "Njoo tukuandike maelezo ya onyo." Kijana anashusha pumzi. Amesikia neno onyo, akili yake inamwambia anaonywa kisha atarudi zake Igogo. Anasimulia kila kitu, hata ambalo hakuulizwa, anasaini kila ukurasa bila kusoma, anashukuru.

Miaka minne baadaye anaomba kujiunga na jeshi, au kampuni ya ulinzi, au chuo cha nje, na ile jioni inarudi.

Katika vituo vyetu neno hili lina kazi mbili zisizo na undugu. Kuna onyo la mdomo: afande anamkaripia kijana, anamwambia asirudie, anamwachia. Hapo hakuna jalada linalokwenda kwa mwendesha mashtaka, hakuna hakimu, hakuna hatia. Kinachobaki ni jina kwenye kitabu cha taarifa, kwa namba ya RB, yaani namba ya taarifa hiyo, na kwenye kitabu cha mahabusu ikiwa alilala ndani. Na kuna maelezo ya onyo, ambayo ni ushahidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka askari amweleze mtuhumiwa kabla ya kuanza kuandika ni kosa gani anatuhumiwa nalo, kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema linaweza kutumika mahakamani. Hilo ndilo onyo lenyewe. Anaonywa achunge ulimi wake, na mara nyingi yeye anaelewa kinyume: kwamba akiufungua ulimi wote ataachiwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumfundisha kijana wa Mwanza, kabla ya kingine chochote kuhusu polisi, ni swali moja la heshima: "Afande, hapa naonywa au natuhumiwa?" Askari mwema atalijibu. Jibu likiwa ni kutuhumiwa, kijana ana haki ya kuomba ndugu, rafiki au wakili ajulishwe na awepo. Aseme kwa utulivu: "Shikamoo afande, naomba kaka yangu afike kwanza." Asibishane na asinyanyue sauti. Ombi hilo si ukaidi, na wapelelezi wazoefu wanajua kwamba maelezo yaliyochukuliwa mbele ya ndugu yana nguvu zaidi mahakamani kuliko yaliyochukuliwa gizani.

Muda wa kuhojiwa nao una mpaka. Sheria inaweka saa 4 za msingi tangu mtu awe chini ya ulinzi, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Ndiyo maana karatasi ya maelezo ina sehemu ya kuandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kijana azitazame hizo saa. Ameanza saa mbili usiku, karatasi inasema saa nane mchana? Aombe irekebishwe palepale. Asome kila mstari kabla ya kusaini. Kama hajui kusoma, au Kiswahili chake ni cha kubahatisha kwa kuwa amekulia kijijini akizungumza Kisukuma au Kikerewe, aombe asomewe na mtu anayeelewa lugha yake. Penye kosa pakatwe, paandikwe sahihi, naye asaini pembeni ya marekebisho. Sentensi inayoharibu zaidi haina hata mambo mazito ndani yake. Ni ile ya kijana kutaka kuonekana muungwana: "Nakiri nilikosea, naomba nisamehewe." Hakimu akiisoma haioni haya ya kijana. Anaona ameungama.

Kosa lingine hufanyika dakika tano za mwanzo, kwenye meza ya mapokezi: jina. Vijana wengi wakishikwa hutaja jina la mtaani, au la ukoo usio wao, wakidhani wamejificha. Alama za vidole hazijui jina. Kijana akitiwa hatiani kwa jina la kubuni, siku atakapoomba cheti cha polisi kwa jina lake la kitambulisho cha taifa, cha NIDA, vidole vitaunganisha majina mawili, na sasa atakuwa na mambo mawili ya kueleza, kosa na udanganyifu. Ataje jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Huku kwetu akina Masanja na Juma ni wengi mno. Majina matatu kamili ndiyo yanayomtenganisha na mwenzake wa Buhongwa mwenye kesi ya kuvunja duka.

Umri pia. Hapa sharti tukae kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapopoteza ulinzi mkubwa kuliko wote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Shauri lake linasikilizwa Mahakama ya Watoto, kwa faragha, na afisa ustawi wa jamii akiwepo, na mzazi au mlezi ana nafasi yake. Ni marufuku kutangaza habari za kumtambulisha. Hafungwi jela. Aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa kijinai, na kati ya 10 na 12 ni lazima ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa analofanya ni baya. Ukuta huo wote unabomoka kwa tarakimu mbili tu kwenye hati ya mashtaka: "miaka 18". Nani kaziandika? Mara nyingine askari amekadiria kwa macho, kwa kuwa kijana ni mrefu na mikono yake imekomaa kwa kuvuta nyavu. Mara nyingine kijana mwenyewe kasema hivyo, kwa kuwa alishazoea kujiongezea umri apate kibarua kwenye soko la samaki la Mwaloni.

Mzazi anayesikia mwanawe kakamatwa asitangulize pesa. Atangulize karatasi ya umri. Cheti cha kuzaliwa ndicho bora. Kisipokuwepo, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au barua ya shule yenye tarehe iliyoandikwa siku ya kuandikishwa darasa la kwanza. Apeleke nakala na aoneshe halisi, na aombe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aitwe, Nyamagana au Ilemela kutegemea kituo kilipo. Kama shauri lilishafika mahakamani na umri umeandikwa vibaya, aliseme kwa hakimu siku ya kwanza kabisa: "Mheshimiwa, huyu ni mtoto, na uthibitisho ni huu." Hakimu akielezwa hivyo anapaswa kuuchunguza umri. Asipoelezwa, ataendelea na kilichoandikwa.

Kwa mwanafunzi haraka hii ina sababu nyingine. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza na kuwaondoa wanafunzi shuleni zinataja kutenda kosa la jinai, kama wizi na matumizi ya dawa za kulevya, miongoni mwa sababu za kufukuzwa. Kukiri wizi wa simu ili tu atoke selo kunaweza kumtoa na shuleni.

Dhamana tuipite upesi, ingawa ndiyo inayowatoa watu jasho. Dhamana ya polisi ni bure. Aliyekamatwa bila hati kwa kosa la kawaida anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na ikiwa haiwezekani, basi apewe dhamana, isipokuwa kosa ni zito. Mkuu wa kituo anaweza kuitoa hata Jumapili. Kinachotakiwa ni mdhamini anayeaminika: kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, na namba ya simu inayopatikana. Mahakamani mkisikia "bondi ya shilingi milioni moja", hiyo ni ahadi mdhamini anayoisaini, atalipa ikiwa kijana atatoroka. Haitolewi mkononi. Kuna familia zimeuza ng'ombe Magu kwa kutolijua hilo.

Sasa, kuyamaliza. Makosa mengi ya vijana ni ya mtu na mtu: ngumi, matusi, kioo cha dirisha, simu iliyoazimwa haikurudi. Sheria yenyewe inaruhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida na makosa mengine madogo yanayogusa watu binafsi, kwa fidia au masharti watakayokubaliana. Wazee wa Kisukuma wamefanya kazi hiyo karne na karne, na wanaifanya vizuri. Tatizo linakuja baada ya kupeana mikono. Mlalamikaji anasema, "Yameisha, nenda salama," kijana anaacha kwenda kuripoti, na jalada liko wazi kabatini. Tarehe ya kutajwa kesi inafika, hayupo. Hakimu anatoa hati ya kumkamata, mdhamini anaitwa ajieleze, na kilichoanza kama kofi la Mlango Mmoja kinakuwa habari ya mtu aliyeruka dhamana.

Suluhu ifungwe pale ilipofunguliwa. Kama shauri bado lipo kituoni, mlalamikaji aende mwenyewe kwa mpelelezi, aandike maelezo ya nyongeza kwamba hana nia ya kuendelea, akitaja namba ya RB. Mkataba wa fidia uandikwe: kiasi, tarehe, majina kamili, mashahidi wawili, muhuri wa mtaa. Kama limeshafika mahakamani, aombe mbele ya hakimu kuliondoa, na kijana awepo siku hiyo. Halafu asubiri asikie neno litakaloandikwa. Kuna "kuachiwa" na kuna "kuachiwa huru", na vijana hudhani ni kitu kimoja. Aliyeachiwa tu anaweza kushtakiwa upya kwa kosa lilelile. Aliyeachiwa huru, hawezi. Neno hilo moja ni la thamani kubwa kwa mtu anayetafuta kazi, na ni halali kabisa kumuuliza karani: "Naomba kujua, nimeachiwa au nimeachiwa huru?"

Yasipoisha kwa suluhu, inabaki siku ya kusomewa shtaka, na hapa ndipo maisha yanapopinda. Chumba ni kidogo, kina joto, washtakiwa wamefuatana kwenye benchi. Shtaka linasomwa. Hakimu anauliza: ni kweli au si kweli? Nje kuna mjomba aliyemnong'oneza kijana: "Sema ni kweli, utapigwa faini elfu hamsini, yaishe." Mjomba ana nia njema. Anataka mtoto arudi nyumbani kabla ya giza. Lakini akisema "ni kweli" na maelezo ya kosa yakisomwa naye akayakubali, anatiwa hatiani dakika hiyohiyo, bila shahidi hata mmoja kuitwa. Sheria haimruhusu kukata rufaa kupinga hatia aliyoikiri mwenyewe. Anaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu, isipokuwa kwenye mambo machache ambayo mahakama za juu zimeyakubali, kama vile kukiri kulikokuwa na utata, au kukiri kwa kutoelewa, au shtaka lenyewe kutoonesha kosa.

Mbele ya hakimu kijana anajibu kwa maneno yake, na maneno yake ndiyo yanayoandikwa. Akisema, "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye alianza kunichoma na bisibisi," huko si kukiri, ni utetezi, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Kijana akatishwe tamaa ya kujifupisha. Wengi wanasema "ni kweli" halafu wanakusudia kueleza baadaye, na baadaye hiyo ni wakati wa kuomba kupunguziwa adhabu, hatia ikiwa imeshaandikwa. Maelezo ya kosa yakisomwa pia ana haki ya kusema hapana kwa sehemu yake: "Simu nilikuwa nayo, ndiyo, lakini niliokota kwenye daladala ya Igoma, sikumpora mtu." Ikiwa hiyo ndiyo kweli, aiseme hapo.

Hatusemi kijana adanganye. Aliyetenda kosa akalielewa, akaona ushahidi, akaamua kukiri, amefanya jambo la kiume na mahakama huliheshimu. Tunachopinga ni kukiri kwa sababu ya njaa, usingizi na mbu. Kama hajui aseme nini, aseme: "Mheshimiwa, si kweli," arudi kwa dhamana, atafute ushauri wiki hiyo. Kubadili jibu kutoka kukana kwenda kukiri ni rahisi siku yoyote. Kurudi nyuma kutoka kukiri ni kupanda kilima cha mawe peku.

Na kuna maneno ya kufariji yanayodanganya. "Sikufungwa, nilipewa kifungo cha nje." Kifungo cha nje kimetoka kwenye hatia. Kuachiwa kwa masharti ya kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12, kulipa faini, kufagia zahanati chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, hayo yote ni afadhali mara mia kuliko gereza la Butimba, na mkosaji wa kwanza anapaswa kuyaomba kwa sauti: umri wake, masomo yake, kwamba hana kumbukumbu ya makosa ya nyuma, kwamba amemfidia mlalamikaji. Lakini asijidanganye kwamba hakuna kilichotokea. Fomu ikiuliza "umewahi kupatikana na hatia?", haiulizi kama alilala gerezani.

Akiona hakutendewa haki, siku zinahesabika. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, atoe taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 na rufaa ndani ya siku 45. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo, na ofisi za halmashauri zinaweza kumwelekeza kwao. Huduma yao ni bure. Aende nao akiwa na namba ya kesi, si hadithi peke yake.

Ziwani mambo yana sura yake. Kijana wa miaka 19 anachukuliwa kibarua na tajiri mwenye mitumbwi, wanatoka usiku, na nyavu zilizomo ni timba au kokoro, zote haramu ziwani. Doria inawakuta. Tajiri yuko kitandani Kirumba; waliomo mtumbwini ni vibarua. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaruhusu kosa kufifilishwa, yaani kulimaliza kwa kulipa bila kwenda mahakamani, na kufifilisha kunataka mtu akiri kwa maandishi. Tajiri anatuma pesa na ujumbe: "Saini, nitalipa." Anayesaini ni kijana. Jina lake ndilo linaloingia kwenye daftari la mkosaji, na akikamatwa tena mwaka unaofuata, hata kwa mtumbwi mwingine, ile saini itatajwa. Kufifilisha si hukumu ya mahakama, na kwa kibarua mara nyingi ni njia bora kuliko kesi. Lakini asaini akiwa amesoma. Maelezo yake yaseme wazi kwamba ni kibarua, chombo ni cha nani, nyavu ni za nani. Na adai stakabadhi yenye namba ya malipo ya serikali. Malipo yasiyo na namba hiyo hayakumaliza kosa lolote. Kabla ya kupanda mtumbwi aunyooshe wavu mkononi autazame. Timba inajulikana kwa kuigusa, ni uzi mmoja wa plastiki unaong'aa, hauna msokoto. Akiiona akae pwani usiku huo.

Bodaboda hatuna mengi ya kuwaambia. Faini ya papohapo ya barabarani inalipwa kwa namba ya malipo na inaisha, ila asiyelipa anaiacha ikikaa kwenye mfumo. Kinachowaponza ni kubishana na trafiki hadi kosa la kofia ngumu linageuka kuwa kumzuia askari kufanya kazi yake, na hilo ni kosa la jinai la kweli, lenye kesi na hatia.

Tufike kwenye cheti, kile ambacho watu wanakiita cha tabia njema. Mwombaji anaandaa namba ya NIDA, picha ndogo, na sababu ya kuomba, halafu anachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Kwa aliye Mwanza pa kuulizia ni ofisi ya upelelezi ya mkoa. Alama zinalinganishwa na kumbukumbu za Jeshi la Polisi. Wapasua kokoto wa Mabatini na vijana wanaoparua samaki wana shida ya pekee, ncha za vidole zimesagika na alama hazitoki, karatasi inarudishwa. Apumzishe mikono siku kadhaa kabla, apake mafuta usiku, aende asubuhi mikono ikiwa mikavu na misafi. Aombe mapema. Nafasi za ajira zina tarehe ya mwisho ya wiki mbili tatu, na anayekumbuka cheti siku ya mwisho huishia kununua cha kughushi, na hilo ni kosa jipya kubwa kuliko lile la zamani.

Waajiri hawaulizi swali moja. Matangazo ya majeshi yetu kwa kawaida yanataka mtu ambaye hajapatikana na hatia ya jinai. Kampuni za ulinzi zinataka cheti, wadhamini, na barua ya serikali ya mtaa. Na barua hiyo inaandikwa na mwenyekiti au mtendaji ambaye anakumbuka kila kitu kilichotokea kwenye kata, kiwe kimefika mahakamani au la. Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, lakini mtaani kwetu kupandishwa kwenye gari la polisi mchana kweupe kunatosha. Dawa ya hapo ni kwenda kwa mtendaji kabla ya kuhitaji barua, na nakala ya uamuzi mkononi: "Shikamoo mama, lile shauri la mwaka jana liliisha hivi, naomba nakala ikae ofisini kwako." Tumeona macho ya watendaji yakibadilika kwa karatasi moja yenye muhuri.

Kwa anayewaza kusoma au kufanya kazi nje, asome kitenzi. Fomu ya viza ya Marekani inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama ulisamehewa baadaye. Kukamatwa, si hatia peke yake. Fomu ya Uingereza inataja hatia, adhabu za barabarani, na pia onyo rasmi la polisi, kwa kuwa kule onyo ni kitu kingine kabisa: mtu anakiri kosa, linaandikwa kwenye kumbukumbu, shauri linaishia kituoni. Kwa makosa mengi, onyo la mtu mzima linaacha kuonekana kwenye ukaguzi wa kina wa ajira baada ya miaka 6, na tangu Novemba 2020 maonyo ya watoto hayaoneshwi moja kwa moja. Wana pia sheria ya mwaka 1974 inayoruhusu hatia nyingi kuhesabika zimepitwa na wakati. Kijana wa Mwanza asije akasoma habari za kule akadhani miaka itamfutia na hapa. Huku ajiandae kueleza.

Na aeleze kweli. Kugundulika umedanganya kwenye maombi ya Uingereza kunaweza kukufungia mlango hadi miaka 10, ilhali ugomvi wa sokoni uliofutwa, ukiambatanishwa na uamuzi wa mahakama, mara nyingi haumzuii mtu. Maelezo yawe mafupi: tarehe, mahali, tuhuma, matokeo, namba ya kesi. Sentensi tano. Asimlaumu askari wala mlalamikaji kwenye fomu. Uamuzi wa Kiswahili utafsiriwe na mtafsiri anayekubalika.

Ili aweze kuandika sentensi hizo tano, karatasi zianze kukusanywa wiki ileile. Namba ya RB na jina la kituo. Nakala ya dhamana. Hati ya mashtaka. Namba kamili ya kesi pamoja na mwaka na jina la mahakama, maana kuna kesi namba 112 ya kila mwaka katika kila mahakama. Stakabadhi ya faini. Mkataba wa suluhu. Nakala ya hukumu au amri, yenye muhuri, iombwe kwa barua kabla jalada halijapelekwa masijala ya kumbukumbu, ambako kulitafuta ni kazi ya siku nyingi. Apige picha kila ukurasa, ajitumie kwa barua pepe, na halisi azikabidhi kwa mama au bibi, ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye sanduku la vitenge. Vyumba vya kupanga vya mabondeni Mabatini hujaa maji masika, na karatasi ya mahakama ikishalowa muhuri hausomeki.